Siku moja maishani mwangu: povu la wimbi si jeupe

Saa 12 asubuhi. Kabla hata ya kunawa uso nafungua dirisha na kuigusa pembe ya turubai ninayochorea bahari kwa ncha ya kidole. Bado inanata. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kambani. Mafuta ya kitani hukamata oksijeni hewani na kuganda polepole, nayo haina haraka.

Saa 1. Napanga rangi kwenye kibao: nyeupe ya titani, buluu mbili, kijani, njano, kahawia nyekundu. Nyeusi siigusi. Kivuli cha maji nakipata kwa kuchanganya buluu ya ultramarini na hiyo kahawia. Hapo giza linakuwa na uhai.

Saa 2 hadi saa 6 ni za wimbi moja tu. Povu nililopaka jana lilikuwa jeupe tupu, limekaa kama pamba iliyobandikwa. Nimelikwangua lote kwa kisu, na roho imeniuma. Nikaanza upya: povu la kivulini zambarau iliyofifia, ukingo unaopigwa na jua una tone la njano, na nyeupe safi mahali patatu tu. Chini ya kilele, pale maji yanapokuwa membamba hadi mwanga unapenya, nikaweka kijani cha chupa kwa mpigo mmoja, bila kurudia. Ukisogea karibu ni madoa matupu. Nikarudi nyuma hatua nne, wimbi likapinduka. Nilisimama pale kitambo, brashi mkononi.

Kisha nikaupiga mchoro picha kwa simu, nikaigeuza nyeusi na nyeupe nione mwanga na giza vimekaaje. Ukiufanyia hivyo mchoro wa Mfaransa Claude Monet wa bandari ya Le Havre, wa 1872, uliolipa jina kundi la wachoraji waitwao waimpreshenisti, jua karibu linatoweka! Linawaka kwa sababu ya rangi ya chungwa kukaa juu ya buluu, wala si kwa kuizidi anga mwangaza.

Saa 8 mteja amepiga simu.
“Mwanangu, bahari ifanane na mito ya kochi.”
“Mama, kwanza niambie dirisha liko upande gani.”
Tumeelewana: upana theluthi mbili za kochi, katikati ya mchoro kiasi cha sentimita 150 kutoka sakafuni, na ukuta usiopigwa na jua moja kwa moja. Vanishi itasubiri miezi sita au zaidi. Nyumbani unaweza kutundikwa kabla ya hapo.

Saa 10, kuosha brashi.

Saa 1 usiku nawasha taa, kwa maana sebuleni watu hukaa zaidi jioni. Chini ya balbu ya manjano povu limepata joto kupita kiasi, na zambarau imezama. Kesho naongeza buluu kidogo upande wa kushoto, chini ya kilele.