Nilivyozipima Forester na CX-5 mpaka Iringa kabla sijatoa hela

Nilikuwa na hela ya gari moja ila kichwani nina gari mbili, Subaru Forester ya 2014 isiyo na taabo na Mazda CX-5 ya 2014 ya dizeli. Zote mpya kwa lugha yetu ya Bongo, yaani Japan zimeshatembea miaka ya kutosha ila hapa zina namba E, zile plate za usajili za karibuni, na kila mtu mtaani anakupa hongera.

Shida ni kwamba yadini ukiomba kuendesha wanakuzungusha mtaa mmoja unarudi, dalali kakaa pembeni anaongea mwanzo mwisho, hata injini huisikii. Mi nilitaka niiendeshe gari mpaka nichoke nayo. Bahati nzuri shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa katoka kuitoa CX-5 bandarini, na jamaa yangu wa kazini anayo Forester namba E hiyo hiyo na alikuwa anasafiri wiki nzima. Nikamwambia niachie gari, nakurudishia na fulu tanki na sevisi ya oili juu. Akakubali fasta. Kilolo, kule kule Iringa, tulikuwa na kipaimara ya mtoto wa dada, kwa hiyo safari ipo tu hata bila mimi kuitafutia sababu.

Ijumaa saa kumi usiku tukakutana sheli moja Kimara. Gari zote tukajaza mpaka pampu ikajikata yenyewe, tukapima upepo wa tairi, tukarudisha kilomita za safari kwenye sifuri. Hapo ndo nikaona tairi mbili za Forester zina tarehe ya zamani kweli, ukiangalia ile namba ya tarakimu nne pembeni, mbili za kwanza wiki mbili za mwisho mwaka, ngozi bado nzuri lakini mpira umeshaanza mistari. Nikampigia jamaa kule kule alipo nikamwambia ukirudi badilisha. Siku hiyo nikajiwekea sheria sipiti mia.

Mazda nilianza nayo mimi, shemeji akashika Forester. Njia nane ya Kimara hadi Kibaha alfajiri ni raha tupu, gari imetulia, kelele ya dizeli unaisikia ikiwa imesimama tu, ikishaanza kwenda humo ndani kimya. Na huo ukimya ndo ulioniponza. Tumepita Chalinze, kumeshakucha, nawaza habari za ushuru, kijiji kimoja mbele ya Mikese nikamuona trafiki kanyoosha mkono. Sitini na nne kwenye hamsini. Sikuwa na cha kubisha, picha ya tochi ya spidi ninaiona, nikapewa kontroo namba nikalipa elfu thelathini. Shemeji akacheka weee, anasema shem hiyo iandike kwenye gharama za majaribio.

Morogoro tukabadilishana. Kuingia kwenye Forester kitu cha kwanza ni vioo, ile gari ni kama umekaa sebuleni, unaona kila upande. Cha pili ni dashibodi inayoongea kijapani, ukiwasha tu inakusalimia na kukudai sijui kadi gani, mama yangu nyuma kila ikiongea anaitikia "marahaba". Redio nayo imeishia 90, stesheni nyingi hushiki, ila hiyo ni gari yoyote ya Japan kwa sababu masafa yao yanaanzia 76.

Mikumi unaikata mbuga yenyewe kama kilomita hamsini, sabini hupiti, na mabango ya faini za kugonga wanyama yapo pale kukukumbusha twiga anaanzia bei gani. Tembo walikuwepo karibu na barabara, nyani ndo usiseme. Hapo mama yangu akatoa hukumu yake ya kwanza. Kutoka Dar alikuwa kakaa nyuma kwenye Mazda, kioo cha nyuma kimepanda juu na mama ni mfupi, akawa anaona mbingu tu na kichefuchefu kinampanda. Kwenye Forester akahesabu twiga tisa.

Baada ya Mikumi mjini barabara ni ya malori ya Zambia na Kongo, na gari za IT, yaani zile za kupita tu kwenda nje ya nchi, zinazopelekwa Tunduma, wale madereva wanakupita kama umepaki. Kuovateki semi na Forester inabidi upange mapema. Ukikanyaga, ile CVT, giaboksi otomatiki isiyo na hatua za gia, inapandisha mizunguko kwanza, injini inalia elfu nne na ushee, halafu spidi inakuja polepole nyuma yake kama mtu anayetafuta viatu. Haikatai, inakwenda, ila lazima uone mbele kweupe kabisa. Mlima Kitonga tulipandia nyuma ya lori lililobeba saruji, kilomita kumi na tano kwa saa, kona baada ya kona, bonde limekaa kushoto huko chini. Jicho langu lilikuwa kwenye taa ya joto la gia kwa sababu kila fundi wa kijiweni alinitisha nayo. Haikuwaka.

Sasa mimi Kitonga nimepanda na gari moja tu, na majaribio ndo yapo hapo. Jumamosi asubuhi nikachukua Mazda, nikaaga naenda Ruaha Mbuyuni, chini ya mlima, kununua vitunguu. Mama akaniuliza, mwanangu, si vipo Ilula hapo karibu? Nikamwambia vya Mbuyuni ni vikavu zaidi. Mke wangu akaniangalia tu.

Aisee dizeli ile mlimani ni kitu kingine. Torki, yaani nguvu ya kuvuta, ni Nm 420 na inapatikana kwenye mizunguko elfu mbili, kwa hiyo hata ukipunguza kwa ajili ya kona, ukigusa tu inachukua, gia haihangaiki kushuka kushuka. Kuteremka nako unaweka gia kwa mkono injini inakushikia, breki unazigusa mara moja moja. Nilirudi juu na nusu gunia la vitunguu nikiwa nimeshanunua Mazda kichwani.

Jumapili kuelekea kijijini mvua ilikuwa imenyesha usiku, ule udongo mwekundu wa Kilolo ukilowa ni sabuni. Mazda ya shemeji inavuta tairi za mbele tu, mlima mmoja ikaanza kuserereka kuelekea mtaroni, tukaiacha palepale juu kwa watu tukajazana wote kwenye Forester kama mchomoko. Nikabonyeza X-Mode, ile swichi ya njia mbaya, ikakoroga kidogo ikapanda. Lakini nisidanganye, angekuwa na CX-5 ya fowili labda tusingeyaona hayo.

Mafuta, kwenda tu, Kimara mpaka tulipojaza Iringa kama kilomita mia tano: Mazda ikanywa lita 33, Forester 41. Sio maabara, tulibadilishana madereva na mizigo mingi ilikuwa kwenye Mazda, ila tofauti inaonekana.

Nimenunua Forester. Najua, hata mke wangu aliuliza mbona ulikuwa unaisifia ile nyingine njia nzima. Naishi Sinza, ofisi Mikocheni, na katikati kuna foleni, yaani injini ya dizeli haijapata hata joto vizuri nimeshafika. Ile chujio ya moshi, DPF, inajisafisha kwa kuchoma masizi, na inataka safari ndefu yenye joto. Ukiizima katikati kila siku masizi yanajaa, na dizeli inayopulizwa kwa ajili ya kuchoma inashuka kwenye oili, unapima stiki unakuta oili imeongezeka badala ya kupungua. Iringa mi naenda mara mbili kwa mwaka. Shemeji yeye kila wiki yuko njia ya Dodoma, gari yake inamfaa kabisa na hajawahi kujuta.

Ya kwangu niliichukua ya 2015, nikaangalia tairi kabla hata ya kufungua boneti, mbili nikamwambia dalali abadilishe ndo tuongee bei. Mama alipoiona akauliza swali moja tu, hii ndo ile ya twiga? Shemeji naye hadi leo ananidai, anasema akiwasha AC mchana wa jua harufu ya vitunguu inatoka kwenye buti.