Chiang Mai, Mji Ulioanzishwa Mara Mbili

Wageni wengi wanaofika Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, huanzia ndani ya mji wa kale wenye umbo la mraba. Mimi nilianzia nje yake, Wiang Kum Kam, umbali wa takriban kilomita tano kusini-mashariki, na sijutii. Hapo ndipo Mfalme Mangrai alipoweka makao yake mwishoni mwa karne ya 13, lakini Mto Ping ulifurika mara kwa mara hata akalazimika kutafuta mahali pengine, na mwaka 1296 akaanzisha mji ambao jina lake halina maana nyingine zaidi ya "mji mpya". Mafuriko ya baadaye yaliifunika Wiang Kum Kam kwa mchanga na matope, ikasahaulika hadi wataalamu wa mambo ya kale walipoanza kuifukua katika miaka ya 1980. Leo unazungushwa kwa gari la farasi katikati ya nyumba za watu, na kila linaposimama unateremsha macho badala ya kuyainua, kwa sababu misingi ya mahekalu imo ndani ya mashimo mapana, chini kabisa ya usawa wa barabara unayopita.

Baada ya kuona hayo, mji wa kale wenyewe niliutazama kwa jicho jingine. Kila upande wa mraba wake una urefu wa takriban kilomita moja na nusu, na handaki lililojaa maji bado linauzunguka wote, ingawa kuta za matofali zimebaki zaidi kwenye pembe na malangoni. Hata lango la Tha Phae, linalopigwa picha kuliko mengine yote, ni ujenzi mpya wa karne ya 20.

Mahali nilipokaa muda mrefu zaidi ni hekalu la Wat Chedi Luang. Chedi yake, yaani mnara mkubwa wa matofali wa Kibudha, ilianza kujengwa mwishoni mwa karne ya 14 na kukamilika katika karne ya 15, na kuanzia mwaka 1468 ilihifadhi sanamu ya Budha wa Zumaridi, ile ambayo sasa iko Bangkok. Tetemeko la ardhi la mwaka 1545 liliangusha kilele chake. Ukarabati ulifanyika katika miaka ya 1990, lakini kilele hakikurudishwa, na kwa maoni yangu hilo ni jambo la busara. Waliorekebishwa ni tembo wa sanamu wa upande wa kusini: karibu wote ni wa saruji, isipokuwa mmoja asiye na masikio wala mkonga, na huyo ndiye wa asili. Nilimpenda yeye kuliko wenzake wote.

Waburma waliutwaa mji mwaka 1558 na wakautawala, kwa vipindi, zaidi ya karne mbili. Walipofukuzwa katika miaka ya 1770, vita vilikuwa vimewamaliza wakazi kiasi kwamba Chiang Mai ilihamwa, ikabaki pori kwa takriban miaka ishirini. Aliyeirudishia uhai ni Kawila, mtawala aliyetokea Lampang, ambaye aliingia rasmi mwaka 1796, miaka 500 kamili baada ya Mangrai. Siasa yake hukumbukwa kwa msemo wa kutia mboga kapuni na watu mjini, na maneno hayo yanaficha ukali mwingi, kwani watu hao waliondolewa vijijini kwao, wengi kwa nguvu, na kuhamishiwa hapa pamoja na ufundi wao.

Mlima wa Doi Suthep, ulio kando ya mji, nilipanda kwa pikapu jekundu lenye mabenchi mawili, ambalo ndilo daladala la huku. Hekalu la mlimani linahesabiwa kuwa la mwaka 1383, nalo linafikiwa kwa ngazi zaidi ya 300 zilizopambwa kwa majoka ya naga. Barabara ya kufikia huko ilijengwa na watu wa kujitolea wakiongozwa na mtawa Khruba Srivichai, kuanzia Novemba 1934 hadi Aprili 1935. Mandhari ya mji sikuiona: ulikuwa mwezi wa Machi, msimu wa kuchoma mashamba na misitu, na moshi ulikuwa umefunika bonde lote. Anayeweza kuchagua aende kati ya Novemba na Januari.

Jioni ya mwisho, iliyokuwa Jumamosi, nilikula khao soi, tambi zenye mchuzi mzito wa tui la nazi na bizari, chakula kinachohusishwa na wafanyabiashara Waislamu kutoka Yunnan, kusini mwa China, kisha nikatembea hadi mtaa wa Wualai, kusini mwa handaki, ambao hufungiwa magari siku hiyo ili soko litandazwe barabarani. Jina la mtaa ni la kijiji cha mbali, karibu na Mto Salween, walikotolewa wafua fedha wa zama za Kawila. Nilinunua bakuli dogo kwa mama mmoja aliyekuwa amekaa mbele ya karakana, na nyuma yake kijana aliendelea kugonga bati la fedha kwa nyundo, taratibu, bila kuinua kichwa.