Jinsi nilivyofanikiwa kupika pizzoccheri, tambi za wakulima wa Valtellina

Tangu nianze kuishi Lombardia nimepewa ushauri mwingi kuhusu pizzoccheri, zile tambi fupi za rangi ya kahawia zinazopikwa pamoja na viazi, kabichi na jibini katika bonde la Valtellina, karibu na mpaka wa Italia na Uswisi, na washauri wengi, kama nilivyokuja kugundua, hawajawahi kuukanda unga wake kwa mikono yao. Mmoja alisema niweke krimu. Mwingine alisema nivunje mayai mawili ndani ya unga. Wa tatu, mfanyakazi mwenzangu aliyejiamini kuliko wote, alinihakikishia kwamba wakulima wa zamani walitumia unga wa grano saraceno peke yake, na kwamba kuongeza unga wa ngano ni uzembe wa watu wa mjini.

Grano saraceno ni mbegu ndogo nyeusi zenye pembe tatu. Imelimwa Valtellina tangu karne ya 17 kwa sababu ambayo mkulima yeyote ataielewa: hukomaa kwa miezi mitatu hivi, huvumilia ardhi hafifu, na huweza kupandwa mwezi Julai katika shamba lilelile ambalo nafaka ya rai imekwisha kuvunwa. Hata hivyo haina gluteni, ambayo ndiyo inayoufanya unga wa ngano uvutike bila kukatika, na hapo ndipo mwenzangu aliponiponza. Nilikanda unga huo mtupu kwa maji ya bomba kama nilivyoagizwa. Donge lilishikana nilipolifumbata, lakini kila nilipolisukuma kwa kifimbo kingo zake zilipasuka kama tope la mbugani wakati wa kiangazi, na ukanda wa kwanza niliouinua kwa ncha ya kisu ulikatika vipande vitatu kabla haujafika sufuriani. Vilivyofika navyo havikudumu. Maji yaligeuka kuwa ya kijivu, viazi vikapotea machoni, na nilipozamisha kijiko chenye matundu nikaibua kabichi tupu iliyopakwa uji. Tuliunywa uji huo kwa pilipili manga, wala haukuwa mbaya, ila aliyenishauri hakuwepo kuuonja.

Kipimo ninachokiamini sasa ni kile kinachotetewa na Accademia del Pizzocchero, chama cha kulinda mapishi haya, cha Teglio, mji mdogo wa mlimani katika mkoa wa Sondrio unaojivunia kuwa ndiko chakula hiki kilikoanzia: gramu 400 za unga wa grano saraceno kwa gramu 100 za unga mweupe wa ngano, pamoja na maji, bila yai. Ujanja wa maji ya moto ni wangu, au tuseme ni wa mama, kwa kuwa nyumbani Tanga chapati zetu zilikandwa kwa maji ya moto ili zibaki laini hata kesho yake. Namimina maji yaliyotoka kuchemka katikati ya unga, nakoroga kwa mwiko mpaka mvuke upungue, kisha nakanda donge likiwa bado na joto ambalo mkono unaweza kustahimili. Wanga unakuwa umeiva kidogo kwa yale maji, kwa hiyo unga uliokuwa ukitawanyika unaanza kunata, halafu unalainika na kuachana na kiganja bila kubaki kwenye vidole. Nalifunika donge kwa bakuli kwa nusu saa, nalisukuma mpaka unene wa milimita 2 au 3, nakata mikanda yenye upana wa sentimita 7 hivi, naipanga mmoja juu ya mwingine nikinyunyiza unga katikati, ndipo nakata tambi zenyewe kwa upana wa nusu sentimita. Hazikatiki tena, hata nikizishika kwa fujo.

Kabichi inayofaa ni ile ya majani yaliyokunjamana, inayoitwa verza, na muuzaji mmoja sokoni alinisisitizia nichukue iliyokwisha kupigwa na baridi kali shambani, kwa kuwa huwa tamu zaidi. Kwa hilo alisema kweli. Wakati wa kiangazi wenyeji hutumia spinachi au maharage mabichi badala yake, lakini mimi sioni ladha ileile. Viazi nakata vidogo na kuvitia pamoja na kabichi katika maji yanayochemka yenye chumvi, na baada ya dakika 5 hivi naongeza tambi katika sufuria hiyohiyo. Wanaochemsha kila kitu peke yake wanajiongezea vyombo vya kuosha na kupoteza ladha ya mboga inayoingia kwenye tambi.

Jibini ni Valtellina Casera, ambayo kipande cha kutosha watu wanne hunigharimu euro nne au tano, pamoja na kiasi cha grana, jibini ngumu, iliyokunwa. Bakuli la kupakulia lazima liwe la moto, na mimi huliweka juu ya sufuria inayochemka kama mfuniko, kwa sababu jibini ikikutana na bakuli la baridi huganda kabla haijayeyuka. Naopoa tambi na mboga kwa kijiko chenye matundu, natandaza tabaka moja, namwaga jibini, natandaza tena, kisha juu yake namimina siagi iliyokaangwa na kitunguu saumu mpaka ikawa ya rangi ya hudhurungi. Siagi ni gramu 200, na tafadhali usiipunguze kwa kuogopa mafuta halafu uje kulalamika kwamba chakula ni kikavu. Wala usikoroge. Mgeni wetu mmoja, mzaliwa wa Sondrio, aliomba kuongezwa, na sikujisumbua kuificha furaha yangu.

Asiye na muda anaweza kununua pakiti zilizokaushwa zenye IGP, alama ya Umoja wa Ulaya inayolinda vyakula vya asili ya eneo fulani, ambayo pizzoccheri za Valtellina zilipata mwaka 2016, mradi azitie sufuriani mapema zaidi kwa kuwa huchelewa kuiva. Tambi zilizopikwa zikabaki huzikaanga asubuhi bila kuongeza mafuta yoyote, mpaka jibini ya chini ishike ukoko.