Nilivyowafanya vijana wangu wawajue washairi kabla ya mashairi yao

Mi nafundisha tuisheni ya Kiswahili jioni hapa Tanga, wengi wao wako form three na form four, na kwa muda mrefu nilitaka vijana hawa wawajue washairi kama watu, yaani mtu aliyezaliwa mahali fulani, akapenda, akafiwa, akafungwa, sio jina tu la kukariri kwa ajili ya mtihani halafu basi. Naandika hapa nilivyofanya, labda kuna mwalimu au mzazi itamfaa.

Kitu cha kwanza, sianzi na tarehe ya kuzaliwa. Naanza na siku ngumu ya mtu huyo. Nikamchagua Abdilatif Abdalla kwa sababu ya umri, maana mwaka 1968 alipoandika "Kenya: Twendapi?", kijikaratasi cha kuikosoa serikali, alikuwa kijana wa miaka 22 tu wa Mombasa, na kwa maandishi yale akahukumiwa miaka 3 jela, akawekwa peke yake huko gereza la Kamiti na karatasi za kuandikia hana. Mashairi akayaandika kwenye karatasi za chooni. Hapo nikatoa rola nililonunua dukani nikamgawia kila mmoja kipande na biki, nikawaambia haya andikeni ubeti mmoja. Karatasi ikawa inachanika, ukikandamiza tu imetoboka, kufuta huwezi, kwa hiyo inabidi mstari uupange wote kichwani kwanza ndo uguse karatasi. Binti mmoja akasema, "Mwalimu, kumbe vina ndo vinashikilia, nikisahau neno kina kinanirudisha." Jamani nilifurahi! Hiyo mada ya vina na mizani nilishaifundisha ubaoni lakini siku ile waliishika kwa mkono.

Ndo tukafungua Sauti ya Dhiki, diwani ya mashairi yake hayo ya jela, tukasoma "Siwati", yaani siachi. Kimvita chake, lahaja ya Mombasa, kiliwapa tabu kidogo ila hakuna aliyekata tamaa kwa sababu mwenyewe walishamjua. Nilipowaambia kitabu kilitoka 1973 na mwaka uliofuata kikapata tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ndo ilimfunga, darasa zima lilipiga kelele.

Kutoka hapo kurudi kwa Muyaka bin Haji haikuwa kazi, nae ni wa Mombasa, kafariki kama mwaka 1840, tungo zake zikabaki vinywani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua alipozikusanya miaka mingi baadae.

Kilichonipa matunda zaidi lakini ni kuwaweka washairi wawili wawili. Nikamchukua Mwana Kupona wa pwani ya Lamu, na Shaaban Robert wetu, mtoto wa Vibambani hapa hapa Tanga, karani wa forodha miaka mingi. Hawa wawili wanatenganishwa na karibu miaka 100 ila wamefanya jambo moja, kila mmoja kamwachia binti yake utenzi wa kuishi nao. Mwana Kupona mwaka 1858 ni mjane, anaumwa, anasema maradhi yamemshika hata mwaka umetimia, anamwita binti yake aje akae karibu na wino na karatasi. Shaaban Robert nae anamtungia Mwanjaa utenzi wa Hati, na mama yake Mwanjaa, Amina, alishafariki. Nikawaomba wafikirie tu hiyo hali, mzazi anaharakisha kusema yote kabla hajachelewa. Palikuwa kimya kwanza, halafu ukaja ubishi mkali, mabinti hawakubali kabisa yale ya Mwana Kupona ya kumtii mume namna ile, wavulana wanatetea, mi nikawaacha wabishane kwa beti, anayesema kitu aoneshe ubeti. Walisoma utenzi ule kuliko ningewalazimisha, na mi naamini mshairi akibishiwa na watoto wa leo ndo yuko hai.

Walio hai nao nawaleta, hili nalisisitiza sana kwa sababu vijana wengi wanadhani mshairi lazima awe marehemu. Tumesoma N'na Kwetu ya Mohammed Ghassani, Mzanzibari anayeishi Ujerumani, kitabu kilichopata tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili mwaka 2015, na kwa kuwa baadhi yao wana dada au shangazi wanaofanya kazi Oman, shairi la mtu aliye mbali na kwao halikuhitaji maelezo, wengine waliwapigia simu ndugu zao wakawasomea.

Sasa hivi tunaingia kwa Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyefariki 2021, mtu wa bahari na uvuvi kabla hajajulikana kwa tungo, na nataka kumweka pamoja na Muyaka nione kama watagundua bahari inavyosemwa na wote wawili. Diwani yake ya Kimbunga ya mwaka 1994 hapa mjini sijaipata, nina fotokopi ya kurasa chache tu, mwenye nayo aniazime jamani, nitaitunza na nitairudisha.