Petro alipewa samaki kwanza

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii tukae kidogo kwenye Yohana 21, hasa sisi walimu wa shule za kanisa, maana hili la nidhamu limenikaa moyoni siku nyingi.

Petro alimkana Bwana akiota moto wa makaa. Sasa kule ufukweni anakuta tena moto wa makaa, Yesu kaukoka mwenyewe, samaki juu yake na mkate, na kabla lile kosa halijaguswa anaambiwa pamoja na wenzake "njoni mfungue kinywa". Ila kosa halikufunikwa, walipokwisha kula akaulizwa mara tatu kama anampenda mpaka akahuzunika, na hapohapo anapewa kazi ya kulisha kondoo.

Mwaka jana kijana wa form two aliyekuwa anatunza sadaka ya feloshipu alikula elfu saba. Mimi nilishakata fimbo ya mpera, nimchape mstarini shule nzima ione, na kanuni za 2002 za hapa Tanzania nazijua, anachapa mkuu wa shule au aliyepewa ruhusa kwa maandishi, visizidi viboko vinne na viandikwe kitabuni, mimi ruhusa sina, nina hasira tu. Matroni akaniwahi, "Mwalimu, huyu tangu asubuhi hajanywa hata chai." Akampa chai na viazi. Kikombe kilimtetemeka mkononi mpaka chai ikamwagikia shati.

Akasema yote, hela iliishia kantini. Tukakubaliana awaombe radhi wenzake yeye mwenyewe, halafu arudishe elfu moja kila Jumapili kwenye hela yake ya matumizi. Wiki ya tatu akanifuata stafu, "Mwalimu si unichape tu yaishe." Hapo ndo nilielewa fimbo ilikuwa njia rahisi, kwake na kwangu.

Najua kuna mpendwa ataniletea Mithali 13:24, asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe. Amina, ni neno la Mungu. Lakini Daudi naye anasema gongo lako na fimbo yako vyanifariji, na mimi miaka yote ya kufundisha sijaona mtoto aliyefarijika kwa fimbo yangu, nimeona wanaojifunza kujificha vizuri zaidi.

Jumapili ya nane tulimrudishia boksi la sadaka, ahesabu na mwenzake. Alihesabu taratibu sana, akinyoosha kila noti kwenye goti.

Tuwaombee walimu wa zamu wiki hii, na matroni wetu.