Gia ya Meno 64

Baba mdogo alikuwa broka wa tanzanite hapa Arusha, mtu wa kushinda mjini na lenzi mfukoni, vijiwe vyake amevikunja ndani ya karatasi nyeupe. Alinunua kwa wanaapolo, yaani wachimbaji wa migodi ya Mirerani, akauza kwa wenye mitaji, na kutoka hapo mawe mengi yalikwenda kukatwa Jaipur, India. Hilo liliniuma sana. Jiwe lililogunduliwa mwaka 1967 kwenye vilima vya jirani zetu, ambalo halichimbwi kwingine duniani, na bado mtu wa Ngarenaro, mtaa wa hapa hapa Arusha, aliweza kuzeeka hajaliona likikatwa.

Mwaka 2012 nilikuwa nimemaliza mafunzo ya umeme na sina kazi ya kueleweka. Nikamwambia, "Baba, mashine ya kukatia mawe nitaitengeneza mwenyewe." Ya kuagiza nje ilikuwa inauzwa kwa maelfu ya dola. Akanitazama, akasema, "Tengeneza tuione," akanipa hela ya kuanzia.

Mashine yenyewe ukishaielewa haitishi. Kuna sahani ya chuma laini imelala, inazunguka, imeshindiliwa unga wa almasi. Pembeni kuna nguzo, na kwenye nguzo kuna mkono ulioshika kijiti chenye jiwe nchani. Mkono huo unaamua mambo mawili tu: jiwe limeinama nyuzi ngapi, na limegeuzwa upande gani. Kazi iko kwenye usahihi. Sahani ikiyumba hata unene wa karatasi, jiwe la milimita 7 linagongwa badala ya kusagwa, na kingo zake zinamegeka.

Mota niliipata kwa wauza vyuma chakavu: ya mashine kongwe ya kufulia, mizunguko 1,425 kwa dakika. Nikaweka puli ya inchi 2 kwenye mota na ya inchi 6 kwenye shafti, ule mhimili unaozungusha sahani, ikashuka hadi mizunguko 475. Fremu ilichomelewa kwa muda mfupi, haina hadithi. Shafti ndiyo iliyonipeleka mtaa wa Unga Limited, kwenye karakana ya mzee mmoja mkereza vyuma ambaye hadi leo ninamheshimu kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kuwa naye.

Nilimwamkia, nikamweleza. Akachukua bomba nene, akalifunga kwenye mashine yake ya kukerezea, akachonga makao ya beringi ya upande mmoja, kisha akaendelea hadi upande wa pili bila kulifungua. Nikamuuliza kwa nini asiligeuze, ingekuwa rahisi zaidi kufika. "Nikilifungua nikalifunga tena, beringi mbili hazitatazamana," alisema. "Shafti itapita, lakini itakuwa inabanwa. Mwezi mmoja utaanza kusikia kelele." Akaingiza beringi namba 6204 mbili na shafti ya milimita 20, akaizungusha kwa kidole. Ilizunguka muda mrefu, kimya kabisa. Nilijua kwa wakati ule kwamba mashine imepatikana, hata kama sehemu nyingine zote zilikuwa bado.

Kisha tukatafuta gia. Gia ndiyo inayogawanya duara ili kila uso wa jiwe ukae mahali pake: kijino kinaingia kwenye pengo la meno, unasaga, unainua, unahesabu meno, unasaga tena. Mzee alikuwa na ndoo nzima ya gia kuukuu. Nilichagua moja nzuri, haina kutu. Akaitia alama ya chaki kwenye jino moja, akahesabu polepole huku akisukuma kwa kucha. Hamsini. Akaitupa ndooni. "Jiwe la duara umesema lina nyuso kubwa nane chini? Hamsini gawanya kwa nane." Tulihesabu gia moja baada ya nyingine sakafuni, mikono imejaa grisi, mpaka ikapatikana ya meno 64. Hiyo inagawanyika kwa 8, inagawanyika kwa 16, na zile nyuso ndogo za pembeni, ambazo hukaa katikati ya zile kubwa, zinaangukia kwenye jino kamili. Gia ya 48 isingefaa kwa mkato ule, kwa sababu zingeangukia kwenye nusu jino.

Kipimo cha nyuzi nilikichora mwenyewe. Protrakta ya shule ni ndogo mno. Nilichora nusu duara yenye kipenyo cha sentimita 30 juu ya bati, nikafunga mshale mrefu kwenye bawaba ya mkono. Kwa ukubwa huo nyuzi moja inachukua zaidi ya milimita mbili na nusu, kwa hiyo hata nusu nyuzi unaiona kwa macho.

Sahani nilisubiwa na mafundi wa sufuria, kwa alumini iliyoyeyushwa na kumiminwa. Ya kwanza ilitoka na vitundu vidogo kama matundu ya mkate, na kitundu kimoja kikificha chembe nene ya almasi, utakwaruza mawe mpaka ukate tamaa. Wakasubu nyingine nene zaidi, mzee akaikereza mpaka akafikia chuma kisicho na tundu. Unga wa almasi namba 1200 niliuchanganya na mafuta kidogo, nikaupaka, nikaushindilia kwa kuviringisha beringi kuukuu juu yake ili chembe zizame kwenye alumini. Maji yalidondoka kutoka kwenye kopo lililoning'inizwa, kupitia mrija wa dripu ya hospitali, maana ule una kigurudumu cha kupunguza na kuongeza matone. Maji hayo si ya kupooza jiwe tu. Vumbi la mawe likiingia mapafuni halitoki, na ninasema hili kwa kila kijana anayetaka kusaga akiwa mkavu: usithubutu. Mota nayo niliikinga kwa kibanda cha bati, na swichi nikaiweka juu kabisa, mbali na matone.

Jiwe la kwanza lilikuwa kwatzi safi, isiyo na rangi. Niliigandisha kwenye kijiti cha shaba kwa lakiri, nikashusha mkono hadi nyuzi 43, nikawasha. Mlio wa jiwe kwenye sahani ni mwembamba, na unabadilika uso unapopanuka. Uso wa kwanza ulitoka mweupe kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Nyuzi 43 sikuzibahatisha: kwenye kwatzi, ukishuka chini ya 41 hivi, mwanga unapita moja kwa moja badala ya kurudi machoni, na jiwe linakuwa na dirisha, ukiliweka juu ya gazeti unasoma maandishi.

Kung'arisha nilitumia sahani nyingine, ya plastiki ngumu niliyopewa na fundi wa mabango, na oksidi ya seriamu, ule unga wa waridi wa kung'arishia vioo. Weupe uliondoka taratibu kuanzia ukingo mmoja, mpaka nikaona balbu ya chumbani imesimama ndani ya ule uso, na waya wake.

Baba mdogo alilipokea jiwe kwa koleo, akaligeuza chini ya lenzi kwa muda mrefu. "Hapa ncha za nyuso tatu hazijakutana," alisema. "Na hapa." Alikuwa sahihi. Kisha akatoa karatasi yake nyeupe, akaifungua, akasukuma mbele yangu kipande cha tanzanite. Nilikataa. Nilimweleza kwamba tanzanite ni laini kuliko kwatzi na ina upande mmoja ambao hupasuka kwa urahisi, na kwamba ingawa huchomwa kwenye tanuri ili iwe ya buluu, joto lile hupandishwa polepole. Lakiri ya moto ingeweza kuipasua, hivyo hiyo nitaigandisha kwa gundi baridi. Zaidi ya hapo, ncha zikutane kwanza.

Akaikunja karatasi, akairudisha mfukoni. Wiki ile ile akarudi na mfuko wa ganeti za Umba, nyekundu zenye kuelekea zambarau, akaumwaga mezani. "Anza na hizi," akasema. "Zikimalizika, niite."