Nyuzi joto 231 ndani ya chumba cha kugandishia samaki

Draiva (programu ya kuendesha kifaa) niliyoiandika kwa ajili ya kihisi joto cha TMP102 ilifanya kazi mezani kwangu bila kasoro, mpaka kihisi hicho kilipofungwa katika chumba cha kugandishia samaki na skrini ikaonyesha nyuzi joto 231.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuzi 25 chini ya sifuri. Kihisi hutoa biti 12, kila hatua ikiwa nyuzi 0.0625, kwa hiyo nyuzi 25 chini ya sifuri ni hatua 400 chini ya sifuri, ambazo kwa biti 12 huandikwa 4096 kutoa 400, yaani 3696. Nilikuwa nimeisoma rejista ya kihisi, yaani hifadhi yake ya biti 16 ambamo biti hizo 12 hukaa upande wa kushoto, ndani ya kigeu cha u16, aina ya namba kamili isiyojua alama ya kutoa, kisha nikaisogeza biti 4 kulia na kuzidisha: 3696 mara 0.0625 ni 231 kamili. Mezani, ambako baridi haikufika sifuri hata siku moja, kosa hilo lisingeweza kujitokeza.

Niliigeuza thamani kuwa s16, aina ya biti 16 inayojua alama ya kutoa, kabla ya kuisogeza, na -25 ikasomeka. Nilidhani nimemaliza, lakini nilipochomoa waya wa kihisi ili kujaribu, skrini iliandika -0.06. Hilo lilinitisha kuliko 231, kwa kuwa 231 kila mtu huona si kweli, ilhali -0.06 mtunza samaki angeiamini.

Fanksheni ya kusoma kupitia I2C, njia ya mawasiliano na kihisi, hurudisha int, namba kamili inayojua alama ya kutoa, nayo huwa hasi usomaji ukishindwa; mimi ilinirudishia -6, msimbo wa kosa la ENXIO, yaani kifaa hakipo. Ndani ya u16 ikawa 65530, na sharti langu la kuuliza kama thamani iko chini ya sifuri halikuweza kutimia kamwe. Marekebisho yangu mapya yakairudisha kuwa -6, na kuisogeza biti 4 kukaifanya -1, hatua moja tu chini ya sifuri.

Ndipo nikaandika upya njia yote ya kusoma: matokeo hupokelewa katika int, hukaguliwa yakiwa bado int, kisha biti 16 za chini huchukuliwa kama s16. Niliwasha pia onyo la -Wtype-limits la GCC, programu ya kutafsiri msimbo, ambalo hufichua ulinganisho usioweza kubadilika kwa sababu ya aina ya namba, likanionyesha mahali pengine pawili: namba ya interapti (ishara ya kifaa ya kuikatiza prosesa) niliyoihifadhi katika unsigned int, aina nyingine isiyojua alama ya kutoa, na kitanzi cha kuhesabu kushuka hadi sifuri, katika msimbo wa kusafisha baada ya kosa ambao haukuwahi kuendeshwa, ambacho kisingekoma.

Nilichomoa waya tena. Safari hii skrini haikuandika namba yoyote, iliandika hitilafu.